Unga wa Mchele Chini ya Pikapu

Nyie vijana mnaocheka nikiinama kuchungulia magurudumu, sikilizeni. Jana mjukuu wangu alirudi na shati linanuka mafuta ya breki, nikajikuta mtoto tena.

Tulikaa ng'ambo ya mto, hospitali iko Ifakara, mpaka uvuke kwa kivuko. Mama alishikwa na uchungu asubuhi. Baba akakanyaga breki ya pikapu yake kuukuu, pedeli ikazama mpaka chini. Na mteremko wa kivukoni unaishia majini.

Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye tope lile huoni mafuta yanavujia wapi. Bibi akaweka ungo chini ya kila gurudumu, akanyunyiza unga wa mchele, akamgeukia baba.

"Kanyaga, mwanangu."

Mama akaguna mlangoni: "Mnapika vitumbua, na mimi nakufa?"

Unga wa gurudumu la nyuma ukalowa. Baba akalifungua, akabadilisha kimpira cha breki kilichochanika, akajaza mafuta ya breki. Akaniambia nikanyage ili atoe hewa iliyoingia kwenye mabomba ya breki. Niliisimamia pedeli kwa miguu yote miwili mpaka ikagoma kushuka.

Kwenye mteremko mama aliniminya mkono ukafa ganzi. Gari likasimama, matairi ya mbele yakigusa maji.

Kwa hiyo nimeagiza: hapa kwangu gari halitoki uani kabla halijakanyagiwa breki juu ya unga, hata kama bibi harusi anasubiri.