Baba Mkwe Kiti cha Kushoto

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani, hata la mbwa aliyekuwa akitukimbiza pale darajani. Sitayaandika. Wengine wameacha watoto, na watoto wa kwetu hawasahau upesi. La baba mkwe ningeliacha hata kama ningetaja mengine yote, maana sijawahi kulitamka, na uzee huu si wakati wa kuanza.

Kwetu, huku milima ya Rungwe, mke alikuwa hamtazami baba wa mumewe. Si ugomvi, ndiyo heshima yenyewe. Ukimwona anakuja njiani, unaingia kwenye migomba mpaka apite. Akiwa barazani, unazunguka nyuma ya nyumba. Humsemeshi, hakusemeshi. Niliolewa shule nikiwa nimeiachia darasa la tatu, nikakaa miaka sita katika boma lile nikimjua mkwe wangu kwa kikohozi chake tu na mlio wa fimbo yake.

Sasa mtu huyo ndiye peke yake mwenye leseni ya gari katika nyumba yetu.

Alikuwa dereva tangu enzi za Mwingereza, akiendesha malori ya kutengeneza barabara. Alipostaafu akanunua Landrova kuukuu, na kwa miaka kadhaa tulikula kwa Landrova ile: ndizi na viazi vyetu vilifika soko la Uyole vikiwa vibichi. Halafu goti lake la kushoto likakataa kukunja, na goti la kushoto ndilo la klachi. Leseni aliendelea kuilipia, kwa kiburi tu, lakini gari lilikaa bandani mpaka kuku wakaanza kutagia kwenye kiti. Mume wangu, mwanawe wa pekee, alikuwa karani wa mbao huko Mufindi, mkoa wa Iringa. Alijaribu kuliendesha siku moja likizoni, likapanda kwenye kahawa za kanisa. Akateremka, akasema yeye na Landrova basi.

Reli ya Mchina ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kupitisha treni alipokuja mfanyabiashara wa mpunga kutoka Rujewa. Akalizunguka gari, akalipiga magurudumu teke, akasema analichukua. Mama mkwe alilia mchana kutwa. Jioni nikamsikia akimwambia mumewe:

"Mguu unaoutafuta umo humu humu nyumbani. Mke wa mwanao anayo miguu miwili, yote inakunja."

Siku ya tatu baba mkwe akamwambia yule wa Rujewa arudi baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu ndiyo umri wa leseni ya kujifunzia, wenyewe waliiita lena. Nikifaulu, gari linabaki. Nisipofaulu, linateremka Usangu kwa yule wa Rujewa kubeba mpunga wa watu, na sisi tunarudi kubeba ndizi kichwani.

Lena nilikwenda kuikata Mbeya mjini. Karani akanisomea masharti, kwa sababu maandishi yalikuwa madogo na shule yangu ilikuwa ndogo zaidi. Uweke kibao cha L nyekundu mbele na nyuma. Usibebe abiria. Na usiendeshe hata hatua moja bila mwenye leseni kamili kuketi kando yako.

"Kando wapi?" nikauliza.

"Kando, mama. Kiti cha kushoto."

"Hawezi kukaa nyuma?"

"Akikaa nyuma, breki atavuta kwa meno?"

Nikarudi nyumbani na maneno hayo. Dereva wa lori la kijiji aliposikia akajitolea kunifundisha yeye. Mama mkwe akamjibu, "Mke wa mtu akazungushwe na wewe kutwa nzima? Kazungushe wako." Basi ikawa serikali inasema kando, mila inasema mbali, na mimi nimesimama katikati na karatasi yangu.

Dawa aliitunga mama mkwe. Alifunga kamba ndani ya gari, kutoka kioo cha mbele mpaka nyuma ya viti, akatundika kanga. Upande wa kushoto wa kanga baba mkwe, upande wa kulia mimi. Yeye akaketi nyuma kwenye benchi, kichwa amekitia katikati, kazi yake kupokea maneno huku na kuyapeleka kule.

"Mwambie akanyage klachi."

"Mwanangu, baba anasema kanyaga klachi."

"Mwambie atie gia ya kwanza, aachie taratibu."

"Anasema tia ya kwanza, achia taratibu. Na mimi nasema usiachie kabisa."

Nilikuwa namsikia baba mkwe vizuri sana. Kanga haizibi sauti. Lakini kuitii sauti ile moja kwa moja ingekuwa sawa na kujibizana naye, kwa hiyo nilingoja mpaka neno lipite kwa mama. Gari lilijifunza kungoja pia. Lilizima mara nyingi kuliko lilivyowaka.

Wiki ya pili tukiteremka kwenda mtoni, mama mkwe alimwona mwenzake wa kwaya kando ya njia. Akatoa kichwa nje kumsalimu. Salamu za kwetu hazikatwi katikati: umeamkaje, watoto wameamkaje, ng'ombe je, yule mgonjwa je.

"Mwambie breki!" akasema baba mkwe.

Mama alikuwa amefika kwenye ng'ombe.

"Mwambie breki! Mwambie breki, mke wangu!"

Mguu wangu ulisikia kabla ya mimi, lakini ulichelewa kidogo. Tulilaza migomba mitatu ya jirani na kusimama kwenye wa nne. Mama akarudisha kichwa ndani akauliza, "Mlisemaje?" Tangu siku ile breki ilipewa ruhusa yake peke yake. Baba mkwe akigonga fimbo sakafuni, nasimama bila kungoja mtu.

Baada ya hapo nilijifunza. Nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kulisema: nilikuwa hodari. Kuondoka mlimani kwa hendibreki, gari limejaa viazi vyetu, halirudi nyuma hata upana wa kidole. Mwezi wa tatu ulipokaribia katikati tukaenda Mbeya kwa mtihani, na kanga yetu.

Mtahini alikuwa afande wa trafiki, mtu wa upande wa Iringa kwa lafudhi yake, hakujua mambo ya kwetu.

"Nyuma ya pazia kuna nani?"

"Mwenye leseni," akajibu mama mkwe.

"Na wewe, mama? Mwenye lena habebi abiria."

"Mimi si abiria, mwanangu. Mimi ni mdomo."

Afande akamtazama, akatazama kanga, akaamua kutouliza. Akawateremsha wazee wote wawili wakakae kwenye benchi la ofisi, akafungua kanga, akaingia mwenyewe kushoto. Tukazunguka mji. Mlimani nikapanda vizuri, akaguna kwa kuridhika. Tukafika njia panda, nikatazama kulia, peupe, nikaingia. Lori la mbao likapiga honi sikioni mwangu. Afande akashika hendibreki kwa mikono miwili.

"Mama! Hukuliona?"

"Sikuliona, afande."

"Limetoka kushoto! Tangu tuondoke hujageuza shingo kushoto hata mara moja. Kushoto kwako kuna ukuta?"

"Kuna baba mkwe, afande."

Ndivyo ilivyokuwa. Miezi miwili na zaidi kushoto alikuwa akitazama yeye. "Mwambie kushoto peupe," angesema, na mama angenipa kushoto peupe, nami naenda. Upande mzima wa dunia nilikuwa nauona kwa masikio. Afande alicheka mpaka akafuta macho, lakini karatasini akaandika nimeanguka. Nirudi baada ya wiki mbili. Nilihesabu: lena yangu ingebakiwa na siku tatu.

Usiku ule nilijua gari limekwenda.

Asubuhi mama mkwe akaniita bandani. Kanga ilikuwa imeondolewa. Nikageuza uso haraka nisimwone, lakini hapakuonekana mtu. Kwenye kiti cha kushoto kulikuwa na blanketi la kijivu, limesimama kama kichuguu, na chini yake imetokeza fimbo.

"Mwambie atazame huku," likasema blanketi.

"Mwanangu, baba anasema tazama huku."

"Mwambie hapa hakuna mtu. Pana blanketi. Atazame mpaka shingo ichoke."

Mzee yule, aliyependa kuketi mbele ya gari lake kofia imenyooka ili watu wamwone, alijifunika gubigubi kama bibi harusi, akapanda nami kila siku kwa wiki mbili. Barabara yeye haioni. Alinifundisha kwa sikio. "Mwambie gia inalia, aongeze." Alihesabu kona kwa mwili wake. "Mwambie mbele pana daraja," na kweli, daraja. Mimi kwenye kila njia panda nageuza shingo, natazama blanketi na kilicho nyuma ya blanketi. Jua likiwaka, mama mkwe aliniambia baadaye, mzee alitoka mle akiwa amelowa kama aliyeogelea.

Siku moja tulipita sokoni. Wanaume wakavua kofia. Mwanamke mmoja akatupa kikapu chini, akaanza kulia, "Jamani, mzee ametutoka! Hata hatukuambiwa!"

Nikapunguza mwendo. Kutoka chini ya blanketi sauti ikasema, "Waambie bado."

Mama mkwe akatoa kichwa nje. "Anasema bado!"

Mtihani wa pili, afande alipotuona tunaingia akaja mwenyewe mpaka mlangoni. "Mmemleta mgonjwa?"

"Mwenye leseni," akasema mama.

Akawateremsha tena wazee, akaingia kushoto. Safari hii nilitazama kushoto mpaka shingo ikalia. Kila njia panda, kila mtaa, hata mahali pasipokuwa na njia. Katikati ya mji afande akaanza kujirekebisha kola.

"Mama, kushoto tazama, lakini usinikodolee mimi."

Nikafaulu. Akagonga muhuri, akaniambia leseni hii ni ya magari madogo tu, lori nitangoja kwanza nipate uzoefu. Mama mkwe akamwambia, "Lori la nini? Ndizi zetu zinaenea humu." Vibao vya L akavibandua mwenyewe papo hapo, mbele ya kituo, akivipigia vigelegele. Mtu wa Rujewa angekuja na kurudi kwao mikono mitupu.

Sasa sheria ilikuwa haimlazimishi mtu kukaa kando yangu. Baba mkwe akapanda nyuma kwenye benchi karibu na mke wake, akavua blanketi, akapumua. Nikawasha. Nilipoinua macho kwenye kioo cha ndani, nikauona uso wa mtu: mzee mwembamba, mvi kidevuni, macho mekundu kwa jasho. Miaka sita sikuwahi kumwona. Nikashtuka, nikakisukuma kioo juu kikatazama turubai, nikaanza kuteremka kuelekea Uyole.

Tulikwenda kidogo. Nikasikia mama mkwe anavuta pumzi, anangoja apewe neno alilete. Hakupewa.

"Mwanangu," akasema baba mkwe, kwangu mimi. "Rudisha kioo. Nyuma yetu kuna basi."

Nikakirudisha. Kweli basi lilikuwapo, limetukaribia, linataka kupita. Nikasogea pembeni, nikalipisha, na mama mkwe akatoa kichwa nje akawasalimu waliokuwamo mmoja mmoja.