Nilitaka Kuvunja Nikaha Nikiwa Nimeshavaa Kanzu

Bwana harusi hukimbia harusi yake mwenyewe? Mimi nilishatoa mguu mmoja nje ya msikiti.

Ilikuwa kijijini Jego, kwa kina Twaiba, mchumba wangu. Kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawa, wazee wamejaa. Aliyesubiriwa ni kadhi tu.

Ghafla moyo ukaanza kunidunda. Viganja vikalowa. Pumzi ikawa fupi.

Nikajiambia: mwili haudanganyi. Simtaki huyu binti.

Mimi nimelelewa shule ya bweni. Kule tulifundwa kwamba neno la mwanamume hutoka likiwa zima, au halitoki. Nitasemaje "nimekubali" huku nafsi inakataa? Nikaazimia kumwambia babake, Mzee Mbarak, kabla hajanishika mkono kuniozesha.

Kheri akanidaka nikitafuta viatu. Huyu ni rafiki yangu, tabibu kule Msambweni, na kwake bwana harusi ni mgonjwa kama wengine. Hakuniuliza habari za mapenzi. Aliuliza nimekula nini tangu asubuhi.

"Kahawa."

"Vikombe vingapi?"

"Kila mzee aliyenikaribisha, nilikunywa. Ningekataaje?"

"Chungu, tena tumbo tupu." Akacheka. "Sikiza, Abdulrahim. Ubongo umefungiwa gizani humo kichwani. Unasikia moyo unakwenda mbio, haujui kwa nini, basi unakisia. Umeona kadhi anangojwa, ukakisia hofu. Nawe kaka umeshakata hukumu."

Akanitia tende mdomoni kama mtoto. Akaniamuru nikanyage sakafu kwa nyayo zote, nivute pumzi polepole, niitoe polepole zaidi, na nitaje yanayonipata bila kuyatafutia sababu. Moyo unadunda. Viganja vimelowa. Basi.

Hofu haikuondoka. Ilisogea kando tu, nikapata nafasi ya kumkumbuka Twaiba mwenyewe, anavyonikatiza kila nikianza kuhutubu, nikajikuta natabasamu.

Hapo nikajua ninamtaka.

Kadhi akaja. Mzee Mbarak akanishika mkono. Neno langu likatoka zima.

Tukatoka msikitini hadi nyumbani kwao, nikaingizwa ndani kumpa mke wangu mkono. Mshipa wake ulikuwa ukidunda kuliko wangu. Kwa majivuno ya elimu yangu mpya, nikamnong'oneza kwamba asihofu, ni kahawa hiyo, itaisha.

"Kahawa gani?" akasema Twaiba. "Mimi sinywi kahawa."

Ndugu msomaji, moyo wako ukienda mbio, usiukatie hukumu papo hapo. Jiulize kwanza umekula nini, umelala vipi.

Ukishajijibu, na bado unadunda, mtazame aliye mbele yako.