Nusu Saa Niliyoahidi Ukoo

Mimi kwenye hesabu za intaneti sidanganywi. Nafundisha kompyuta chuoni hapa Moshi mjini, na kila mwaka nafungua somo la kwanza kwa swali moja: ukiwa na kasi ya megabiti ishirini kwa sekunde, faili la megabaiti ishirini litashuka kwa muda gani? Darasa zima huitikia, "Sekunde moja!" Nawacheka mpaka wanakasirika. Ni sekunde nane, jamani. Kasi wanakuuzia kwa biti, faili linapimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Ni kama mtu akuuzie maziwa kwa vikombe huku wewe unahesabu madumu. Chukua ukubwa wa faili, zidisha kwa nane, gawanya kwa kasi yako, umepata sekunde zako. Majirani zangu wa Shirimatunda wote nimewafundisha, wengine bila hata kuniomba.

Kwa hiyo niliposimama mbele ya ukoo na kutangaza kwamba video ya mazishi ya kaka yangu nitaishusha kwa nusu saa, hakuna aliyenibishia.

Kaka yangu alifariki mwezi wa tatu, nchi ya mbali, baada ya miaka kumi na moja bila kurudi nyumbani. Kumleta hatukuweza. Kwetu Uru, juu mlimani, mtu huzikwa kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, karibu na baba yake na babu yake. Kuzikwa kwenye udongo wa watu ni jambo ambalo mama yetu hakulielewa, na sikumlaumu. Walitutumia kipande cha dakika moja kwenye simu, picha imefifia. Mama akakitazama mara mbili, akanirudishia simu yangu.

"Hivi ni vivuli," akasema. "Mimi simalizi msiba wa mtu ambaye sijamwona akizikwa."

Baba mkubwa, ndiye mkubwa wa ukoo, alitaka msiba umalizwe tarehe ishirini na sita Desemba, kwa sababu hiyo ndiyo siku pekee tunayokuwa wote nyumbani. Mama akikataa, tungoje Desemba nyingine. Mama ana miaka themanini na mbili, na tangu mwezi wa tatu alikuwa hali chakula na watu. Anakula peke yake, jikoni, vijiko viwili vitatu. Niliogopa, nasema wazi, kwamba hiyo Desemba nyingine hataiona.

Kanisa lililomzika kaka lilikuwa limerekodi ibada nzima kwa kamera nzuri, na lilituahidi kututumia faili la gigabaiti kama tisa. Mwezi wa kumi na moja nikapanda Uru, nikasimama mlangoni kwa mama, nikapima kasi kwenye simu. Megabiti arobaini! Mnara uko juu ya shule, unaonekana waziwazi. Hata kwangu Shirimatunda, kwenye intaneti ya waya ninayolipia kila mwezi, sipati zaidi ya ishirini. Hapo ndipo nilipojipiga kifua mbele ya wazee wa ukoo waliokuwepo. Baba mkubwa akasema, "Haya, msomi wetu," na mimi nikavimba kichwa.

Kiungo cha kushushia video kikaja asubuhi ya tarehe ishirini na nne, nikiwa tayari niko Uru, namenya ndizi za mtori. Gigabaiti tisa, kama walivyosema. Kingefungwa kesho yake saa kumi na mbili jioni. Nikapiga hesabu huku mikono ina utomvu: megabaiti elfu tisa mara nane ni megabiti elfu sabini na mbili, gawanya kwa arobaini, sekunde elfu moja na mia nane. Nusu saa, bila chenga.

"Mama, jiandae," nikamwambia. Akaenda kuvaa kitenge chake kipya.

Kompyuta ikaniandikia: zimebaki saa kumi. Nikajua imekosea. Nikapima kasi. Megabiti mbili. Nikatoka nje na simu, nikainua mkono juu kama anayeomba kujibu swali, nikapima tena, mbili. Ndipo nikatazama barabarani. Loo! Kila kihamba kina magari matatu, manne. Kila mtu kashika simu, anawaonyesha marafiki zake wa Dar ng'ombe wa nyumbani, mbuzi wa sikukuu, pipa la pombe ya mbege. Mchagga gani mwenye akili zake anapima intaneti ya Uru mwezi wa kumi na moja? Desemba watoto wote wa mlimani wanarudi, kutoka Dar, Mwanza, Dodoma, na mnara ni ule ule mmoja. Kasi mnagawana. Hilo nalo nalifundisha, wiki ya pili.

Nikaiacha iendelee. Mchana kasi ikashuka hadi moja. Usiku ikakatika, ikaanza upya kutoka sifuri. Ningeomba wanipunguzie ukubwa wa video, lakini aliyetuma alikuwa keshafunga ofisi kwa sikukuu. Krismasi tulipotoka kanisani nikakuta imekatika tena. Ilikuwa saa saba mchana, na kiungo kimebakiwa na saa tano. Mama alikuwa sebuleni, kavaa kile kitenge tangu jana. Nilinywea. Nikamwambia ukweli, kwamba nilijisifu bila kufikiri.

"Nimemngoja Desemba zote kumi na moja," akanijibu. "Hangaika taratibu, mwanangu."

Jamani, ni afadhali angenigombeza. Nikasimama jikoni nikijitukana, na katika kujitukana ndipo akili ikarudi. Kama Wachagga wote wako juu huku, kule chini kuna nani? Kasi yangu ya Shirimatunda ni ishirini, na mtaa mzima umehama. Elfu sabini na mbili gawanya kwa ishirini ni sekunde elfu tatu na mia sita. Saa moja.

Nikaita bodaboda. Watu wanapanda, sisi tunateremka, na kila kona mtu anatushangaa. Dereva mwenyewe akaniuliza, "Dada, Krismasi unaikimbia?" Nikamwambia kaza mwendo, baba, maswali baadaye.

Jirani yangu wa Shirimatunda ni Mwislamu, mzaliwa wa mjini, ukoo wake hauna mlima wa kurudi. Nilimkuta barazani anachagua mchele. "Haa, jirani! Leo? Wamekufukuza?" Nikamweleza huku nafungua kufuli. Watoto wake wanatumia intaneti yangu, tulishakubaliana zamani. Sikuwa hata nimefikia kumwomba. Aliweka ungo chini, akageukia ndani, akapaza sauti: "Zimeni simu zote! Televisheni pia! Kuna mtu anazikwa."

Nikapima. Ishirini, haipungui. Nikabonyeza, na kompyuta ikaandika: saa moja. Nilitamani kuibusu. Jirani akaingia, akakaa kwenye kochi langu na kikombe cha chai ambacho hakukinywa, tukatazama ule mstari ukijaa. Ulipofika mwisho ilikuwa saa kumi na robo. Hesabu yangu haikuwa na kosa, na sitaki mtu aseme ilikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, la kupima njia siku ambayo haina watu. Nilinakili faili lile kwenye kompyuta, kwenye flashi na kwenye simu, kwa sababu sasa nilikuwa nimeshika adabu.

Nilipofika Uru mama akasema siku ya Krismasi hazikwi mtu, kesho. Kwa hiyo tarehe ishirini na sita, asubuhi, ukoo ukiwa umeshaanza kukaa nje kwenye mabenchi, nikafunga mlango wa sebule, nikaweka kompyuta kwenye kigoda mbele yake. Picha ilikuwa safi, unahesabu hata vifungo vya koti la mchungaji. Wimbo wa tatu ulikuwa mrefu, nikataka kusogeza mbele. Mama akanishika mkono. "Acha. Mtu haharakishwi siku yake."

Jeneza likafunguliwa. Akamwona uso. Hakulia, alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, nikaufuta kwa kiganja. Kisha kaburini mwanamke mmoja wa kule, mzee, hatumjui, akavua glavu na kutupia udongo kwa mkono mtupu.

"Simamisha hapo," mama akasema.

Nikasimamisha. Akazungumza Kichagga, polepole, kwa sauti aliyokuwa akituitia tukiwa wadogo. Alimwambia: kumbe ulishalala, mwanangu, na mimi nilidhani uko njiani. Hapo ndipo nilipolia mimi, bila aibu yoyote.

Tukaitazama hadi mwisho. Aliinuka mwenyewe, akakataa nimshike, akafungua mlango. Baba mkubwa akasimama, na wengine wote wakasimama.

"Ingieni," mama akawaambia. "Nimemzika mwanangu asubuhi hii. Njooni tule."