Mtu wa Winchi Kwenye Maji ya Sangara

Jumamosi, tarehe 28 Juni 2025. Asubuhi ya baridi kidogo, anga jeupe kwa vumbi la kiangazi, upepo mwepesi kutoka kusini. Ziwa limetulia.

Siku hiyo Bujiku aliamka na kesi, na kesi yenyewe ilihusu mashine ya boti. Mkewe Paskalia, ambaye hapa mwaloni Nkome, penye kushushia samaki, tunamwita Mama Justina, anauza dagaa, na kwa muda mrefu amekuwa akiitaka mashine hiyo ikasukume mtumbwi wake wa kubeba dagaa kutoka visiwani. Bujiku anaitaka ibaki kwenye boti ya kupeleka wageni kuvua sangara kwa fimbo, kwa starehe tu. Wageni wa mwanzo walikwenda mara moja na hawakuonekana tena. Basi mke na mume wakakubaliana mbele yangu, mimi shemeji yake Bujiku na jirani yao: mgeni wa leo akitamka kwa kinywa chake kwamba atarudi, mashine ibaki. Asipotamka, inahamia kwenye dagaa.

"Na usimfundishe cha kusema," Mama Justina alimwonya.

"Mimi nimfundishe tajiri kusema?"

"Wewe unaweza kumfundisha jogoo awike kwa niaba yako."

Bujiku ni mtu wa Kharumwa, na ujana wake wote aliumalizia machimboni, kwenye winchi. Winchi ile ni gogo lenye mikono miwili, na kamba inayoshuka ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu. Mtu wa chini hapazi sauti ikasikika. Kamba ndiyo inayosema. Ikitikisika mara moja, simama. Ikitikisika mara mbili, nipandishe. Hapo mtu wa winchi haulizi wala hafikiri, anazungusha mpaka kichwa kitokeze juani. Bujiku aliwapandisha wengi, na hakuna hata mmoja aliyemponyoka. Alipooa huku ziwani alihamia kwa mkewe, na mikono yake ikaja na tabia zake.

Boti yake ni nzuri, hilo hata Mama Justina analikubali. Aliitengenezesha kwa mbao, tako lake pana, maana mvuaji wa fimbo husimama, na mtumbwi mwembamba humlaza mtu majini kabla samaki hajafika. Ndani kuna makasia mawili hata kama mashine ni mpya, plagi ya akiba iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, kopo la kukumbia maji, na kamba ya nanga ndefu mara tatu ya kina cha pale anapotia nanga. Majaketi ya kujiokolea yanatosha kila mtu. Juu ya hayo aliongeza kofia ngumu za machimboni.

"Baba Justina, kofia za nini? Ziwa litaporomoka?" mkewe aliwahi kumuuliza.

"Fimbo ikikosea njia, ndoano haichagui sikio la nani."

Mgeni wa siku hiyo alikuwa Donatus, mnunuzi wa dhahabu kutoka Geita mjini. Aliteremka garini na viatu vyeupe, miwani myeusi, na fimbo mpya nyembamba kama ufito wa kuchungia mbuzi, yenye kigurudumu kinachong'aa cha kukunjia mshipi.

"Shikamoo, mama," alimsalimia Mama Justina.

"Marahaba, baba. Mwangaluka," alijibu, akiongeza salamu ya asubuhi ya Kisukuma. "Kajionee mwenyewe."

Bujiku alimvua viatu kwanza. "Tajiri, ubao ukilowa, kiatu hiki kitakuwa sabuni." Kisha akaukagua mshipi, na mbele, karibu na ndoano, akafunga kipande kinene zaidi, kwa kuwa mdomo wa sangara ni msasa na shavu lake ni kisu. Mimi nilipandishwa kusawazisha boti. Bujiku anasema uzito unaojisogeza wenyewe unapita mfuko wa mchanga.

Tulikwenda mpaka kwenye miamba iliyozama, mbali na nyavu za watu. Bujiku akapunguza mwendo, ikawa kama mtu anayetembea baada ya kushiba, na samaki wa plastiki, chambo chetu, akavutwa nyuma yetu. Jua lilipopanda Donatus alianza kumeza mate. Alikuwa akiangalia simu badala ya kuangalia nchi kavu, kosa la wageni wote.

"Shika kidogo, mzee," alisema, akamkabidhi Bujiku fimbo na kuinamia ubavuni.

Fimbo ikatikisika. Ikatikisika tena.

Nilimwona Bujiku akipanua miguu. Mkono ukakaza breki ya kigurudumu hadi mwisho, macho yakatoka, naye akaanza kuzungusha kama anayeokoa maisha.

"Kaza mikono, ndugu yangu! Unakuja!" alipiga kelele kuelekea chini.

"Unaongea na nani?" Donatus aliuliza, mdomo bado ukidondosha mate.

Paa! Mshipi ukakatika. Bujiku akakaa kitako kwenye kopo la kukumbia maji, na samaki wa plastiki akaenda na sangara.

Donatus aliutazama ule uzi uliobaki ukipepea. "Huyo ndiye niliyemfuata kutoka Geita," alisema taratibu. "Turudi tu."

Najua Bujiku alikuwa anaiona mashine yake ikinuka dagaa. Aligeuza uso, akaugusa mpini wa usukani, asiugeuze.

"Tajiri, nisamehe. Mimi ni mtu wa winchi. Kamba ikitikisika mara mbili, mikono hainiulizi."

Donatus alikohoa, na kikohozi kikaishia kuwa kicheko. "Winchi? Kumbe ulikuwa unampandisha! Ndiyo maana ulimwita ndugu." Akajifuta mdomo. "Hebu niambie, kumshusha mtu nako ulikuwa unakaza hivyo?"

"Hapana! Kushusha unaweka kiganja kwenye gogo. Kamba inakwenda, lakini inakwenda ikijua upo. Ukiachia, anaanguka. Ukikaza, anagonga ukuta."

"Sasa sangara akikimbia, si anashuka?"

Bujiku akakitazama kigurudumu. Kisha akalegeza breki ya kigurudumu, akavuta mshipi kwa mkono mpaka ukatoka kwa ugumu kidogo, akalegeza tena kidogo, akampa Donatus fimbo. Samaki mwingine wa plastiki akatupwa.

Tulizunguka miamba ile mpaka nikadhani siku imekwisha. Ghafla fimbo ikainama.

"Anashuka!" Bujiku alipiga kelele. "Kiganja, tajiri, kiganja! Mwache aende!"

Mshipi ukalia ukitoka.

"Amefika chini, anapumzika. Sasa mpandishe! Inua fimbo, shusha ukikunja. Inua, shusha ukikunja. Ee, anashuka tena! Mwache, amesahau koleo lake!"

Donatus alikuwa anacheka na kuhema kwa wakati mmoja. Sangara aliruka, akatikisa kichwa juu ya maji, akazama. Mwishowe akalala ubavuni mwa boti, mnene kama ndama. Bujiku akavaa glovu na kumshika taya. Donatus akampima kwa utepe akiwa majini, akampiga picha, kisha akasema, "Mwachie."

"Nani?"

"Samaki."

Bujiku alinitazama mimi, kana kwamba ningeweza kumwombea mtu huyu. Kisha akafungua kiganja polepole sana. Sangara alipunga mkia na kutulowesha sote.

Mwaloni Mama Justina alikuwa amesimama na beseni kubwa.

"Yuko wapi?"

"Tumemrudisha, mama," alisema Donatus.

"Umetoka Geita, umechoma mafuta, umetapika, naona hapo shatini, ukamshika samaki, ukamrudisha?"

"Ndiyo. Na mwezi ujao narudi na wenzangu. Ila bila huyu mzee wa kupiga kelele, siji."

Mama Justina aliweka beseni chini. Nilimwona anafikiri, na anapofikiri hupekecha ncha ya khanga. "Kwa hiyo samaki huyohuyo atavuliwa tena na mwingine?"

"Akipenda," Bujiku alijibu kwa unyonge.

"Dagaa wangu nikimuuza mara moja ndiyo basi. Na wakati mwingine anaoza." Akamgeukia mumewe. "Mashine ibaki. Lakini huyu shemeji yako amekwisha kuninong'oneza kwamba umekata mshipi wa watu. Hilo sitaki lirudiwe."

Donatus akamwachia Bujiku fimbo yake ili afanye mazoezi.

Kesho yake, Jumapili, Sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, Bujiku alikuwa ufukweni kabla ya Misa, suruali imekunjwa magotini, fimbo mkononi, kiganja kimeegeshwa kwenye kigurudumu. Mwisho wa mshipi, ndoano ikiwa imeondolewa, ulikuwa umezungushwa kwenye mkono wa Mama Justina, aliyevaa kitenge chake cha kanisani na kukimbia mchangani kadiri kilivyomruhusu.

"Nashuka!" alipaza sauti. "Mbona unakaza, Baba Justina? Nashuka!"

Bujiku akaachia, kiganja bado juu ya kigurudumu.