Unyoya Katika Jiwe Bichi

Kipketer wa Kariandusi hakuwa mtu wa maneno mengi, na pengine hilo ndilo lililomponza. Mwaka wa 1958 alikuwa ametimiza miaka sita akichimba udongo mweupe katika mahandaki yaliyo juu ya Ziwa Elmenteita, udongo ambao watu huuita chokaa ingawa na chokaa wala hawajuani. Ni mabaki ya vijimea vidogo mno vilivyokufa ndani ya ziwa la zamani, vikalaliana chini tabaka juu ya tabaka mpaka vikawa jiwe jepesi. Wachimbaji walitoka humo weupe kuanzia nyusi hadi viatu, na watoto wao waliwatambua kwa mwendo tu.

Nyumbani alisifika kwa jambo moja, kuchora vibuyu. Mpe wembe na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha, na kabla chakula hakijaiva amekijaza mistari, ng'ombe na manyoya ya mbuni. Kikivunjika, alisema tu kwamba atachora kingine.

Jumamosi moja, zamu ikikaribia kwisha, alipiga sururu kwenye ukuta wa handaki na bonge zima likaachana kama mkate. Kipande cha chini kilisagika palepale. Cha juu kikabaki mikononi mwake, na usoni pake palikuwa na unyoya. Haukuwa unyoya wenyewe, ilikuwa alama yake tu, ya kahawia hafifu, yenye uti na vinyuzi vyote vimelala mahali pake. Kipketer alisisimka mwili. Hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba hapo alipokanyaga palikuwa maji, na kwamba ndege alipita.

Akafanya haraka, akawaonyesha wenzake.

Mnyapara wao aliitwa Darweshi, mtu wa Nakuru mjini ambaye babu yake alitoka Pwani, mchapakazi mwenye ulimi mkali. Alisogeza taa, akatazama, akacheka.

"Kipketer bwana! Vibuyu vimekuchosha, sasa umehamia kwenye mawe?"

"Sijachora, mnyapara. Imetoka ndani hivyo hivyo."

"Na wembe wako uko wapi?"

Wembe ulikuwa mfukoni, kama siku zote. Handaki zima likaangua kicheko.

Mzaha ungeishia hapo kama karani asingeusikia. Karani alimweleza meneja, naye meneja akapeleka habari kwa mama mmoja Mzungu, mtaalamu wa viumbe waliogeuka mawe, aliyekuwa amepiga kambi ng'ambo ya ziwa. Jibu likarudi jioni ile ile kwamba atafika Jumatatu. Darweshi alipolileta jibu hilo hakuwa anacheka tena.

"Ukimwonyesha yule mama uongo, aibu ni yetu sote," alisema. "Jumatatu tutajua wewe ni mtu wa namna gani."

Kwa Kipketer maneno hayo yalikuwa mazito kuliko kufukuzwa kazi. Kwao, mtu akishikwa na uongo wa waziwazi haulizwi tena jambo lolote, si barazani, si hata kwenye posa ya binti yake mwenyewe. Na yeye alikuwa na binti, Jeruto.

Sasa, kosa alilolifanya baada ya hapo lingefanywa na mchimbaji wa Kariandusi peke yake. Jiwe lile likitoka handakini huwa bichi, limejaa maji, ukilibeba unaona shati limelowa. Kila bonge hupangwa juani likauke kabla ya kupelekwa kwenye tanuri, na bonge lililokauka vizuri ndilo la kujivunia. Basi Jumapili asubuhi Kipketer alivaa koti lake la kanisani, akatandaza gunia safi juu ya banda la kuku, akaliweka hapo lile jiwe alilolibeba nyumbani Jumamosi, unyoya ukitazama jua. Alitaka mgeni alikute limekomaa, jeupe, gumu, jiwe la mtu anayejua kazi yake.

Aliporudi kutoka kanisani lilikuwa limepasuka mahali pengi, na uso wake umebambuka magamba membamba kuliko maganda ya kitunguu. Alijaribu kulinyanyua. Upepo ukapita na nusu ya unyoya.

Aliketi chini pale pale, kwenye mavi ya kuku, koti la kanisani likiwa mwilini. Mkewe, Chepkurui, alitoka jikoni, akamtazama, akarudi ndani.

Jumatatu alikwenda kazini na sufuria iliyofunikwa kitambaa, magamba yamo ndani. Watu walikuwa wamejaa, maana habari ya namna hiyo haihitaji kutumiwa barua. Darweshi alifunua kitambaa, akakirudisha.

"Si nilisema? Amelivunja mwenyewe ili asishikwe."

Kipketer alishika kitambaa upepo usikipeperushe. Lililokuwa mkononi mwake Jumamosi sasa lilikuwa unga.

Yule mama alishuka garini, mrefu, kofia imekaa upande, Kiswahili chake cha mashambani. Alichungulia sufuria, akagusa gamba moja kwa ncha ya kidole, akashusha pumzi.

"Wewe weka hii kwa jua?"

"Ndiyo, memsabu. Nilitaka ikauke vizuri."

"Pole. Mimi pia nafanya hivyo zamani. Mara moja tu." Akatoa karatasi na penseli. "Chora ile wewe naona. Hapana ongeza."

Kipketer alipiga goti, akaweka karatasi juu ya bonge la jiwe, akachora polepole. Uti hakuuweka katikati. Vinyuzi vya upande mmoja alivifanya vifupi, vya upande wa pili virefu karibu mara tatu. Ncha hakuichora kabisa.

"Hapa sikuona," alisema. "Ilikuwa imekatika."

Yule mama, aliyekuwa ameshasikia habari zote, akaomba kuona kibuyu alichochora Kipketer. Chepkurui, aliyekuwa amesimama nyuma ya wanawake wenzake, akaenda mbio nyumbani akakileta. Manyoya yote yaliyochorwa humo yalikuwa ya mbuni, uti katikati, pande mbili sawasawa.

Mgeni akaviweka pamoja, kibuyu na karatasi, akamwita Darweshi asogee. Akaeleza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga kwamba mbuni haruki, kwa hiyo unyoya wake hauna haja ya kukata upepo, na pande zake ni sawa. Ndege arukaye, unyoya wa bawa lake huwa mwembamba upande wa mbele na mpana upande wa nyuma.

"Huyu mkono yake najua mbuni tu," alisema. "Kama nachonga, nachonga mbuni. Hapana chonga. Naona kweli."

Darweshi alivua kofia yake, akaitazama, akaivaa tena. "Nimekukosea, Kipketer," alisema, na alisema kwa sauti, mbele ya watu wote, jambo ambalo wengi wetu tungelisogeza hadi faragha.

Kabla ya kuondoka yule mama alitoa kitabu, akamwonyesha Kipketer picha ya jiwe la Ujerumani. Humo alilala kiumbe mwenye meno, kucha kwenye mabawa na mkia mrefu wa mifupa, na amezungukwa na manyoya, membamba upande huu, mapana upande ule. Unyoya wa Kariandusi, alisema, ni wa juzi tu, wa ndege wa ziwani. Huyu ni wa enzi za dinosaria.

"Sasa huyu ni ndege ama ni mjusi?"

"Watu nagombana karibu miaka mia."

Kipketer akacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Kumbe hata jiwe zima lisilovunjika hubishiwa!

Siku hizi tunajua zaidi. Mawe ya China yametoa dinosaria waliovaa manyoya, mengine laini kama ya vifaranga, na wengi wao hawakuruka kamwe. Pengine walijikinga baridi, pengine walijionyesha kwa wenzao. Na wanaoyasoma mawe hayo bado huuliza swali lile la pande sawa au zisizo sawa. Kipketer hakuishi kuyasikia hayo. Siku ile mgeni aliondoka na mchoro wa Kipketer tu, maana jiwe la kuhifadhi kwenye droo za makumbusho halikuwepo tena.

Jioni Chepkurui alimletea chai nje, akabaki amesimama.

"Baba Jeruto, Jumamosi hata mimi nilidhani umechora."

Hilo lilimuuma kuliko kicheko cha handaki zima. Aliweka kikombe chini.

"Mpaka huyu memsabu akasema?"

"Hapana. Mpaka jana."

"Jana si ndiyo jiwe lilivunjika?"

"Ndiyo. Vibuyu vingapi ulivyochora mwenyewe vimekuvunjikia, na sijakuona ukikaa chini hata siku moja? Jana ulikaa kwa mavi ya kuku na koti ya kanisa."

Kipketer alitaka kumkasirikia, akashindwa. Akasogea kwenye benchi, mkewe apate mahali pa kukaa.