Ngazi ya Kulia

Miaka ile ya soko huria baba yangu aliacha ukarani, akaanza kununua sangara kwenye visiwa vya ziwani na kuwauzia wenye viwanda. Biashara ikamkubali. Nyumba ya kupanga ya Mkolani ikawa haimtoshi tena. Akatafuta kiwanja Ilemela, mlimani, mawe matupu, akatangaza kwamba tutajenga ghorofa. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kulala ghorofani, na baba alilitamka neno lenyewe kama mtu anayetaja cheo chake.

Kabla msingi haujachimbwa, mdogo wetu wa mwisho akafariki. Alikuwa binti mchanga, bado ananyonya. Tulimzika, wageni wakaondoka, na baba akarudi kwenye ramani yake, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya. Mimi nilikuwa darasa la saba, na nilimkasirikia sana kwa hilo.

Kilichosumbua kwenye ramani ni ngazi. Ukiingia mlango wa mbele, ingeweza kukaa kushoto au kulia. Kushoto udongo ulionekana mzuri. Kulia kulikuwa na majabali mawili yameegemeana, na kati yake ufa ambao mtoto angeweza kupenya, ukishuka gizani sijui hadi wapi. Fundi mkuu, mzee wa maneno machache, alitaka kulia: ufa ujazwe kifusi, majabali yabebe ngazi, kazi iishe.

Siku moja mama aliwapelekea mafundi ugali, nami nikamsindikiza. Ilikuwa alasiri, upepo wa ziwani umeanza kupanda mlima. Mle ndani ya ufa ikatoka sauti. Niseme wazi kwamba mimi si mtu wa mizimu. Upepo ukipita penye mwanya hulia, hata chupa hulia. Lakini ile ilikuwa sauti ya mtoto mwenye njaa. Ilipanda, ikakatika kutafuta pumzi, ikaanza upya. Mama akaweka sufuria chini. Nikaona blauzi yake inalowa kifuani, pande zote mbili. Maziwa yalikuwa yanamtoka. Nikajificha nyuma yake.

Tuliporudi nyumbani alimwambia baba, "Ngazi msiiweke pale. Mtamzibia."

"Ule ni upepo, mama watoto."

"Najua ni upepo. Msiiweke."

Baba hakubishana naye. Alimwagiza fundi ngazi iwe kushoto, kisha akapanda boti kwenda visiwani, na huko ukienda umekwenda, simu hakuna.

Baada ya siku chache mama akanichukua twende Sengerema kwa dada yake, akapumzike kidogo. Kabla ya kwenda kivukoni alitaka kwanza kupita kiwanjani. Mimi nilibaki barabarani na mizigo, nanung'unika kwamba tutachelewa. Kwa mbali nilimwona fundi akimfuata pale kwenye ufa. Wakasemezana, fundi akaitikia kwa kichwa, mama akarudi na tukaondoka.

Tulikaa huko likizo nzima. Siku tuliyorudi, baba naye alikuwa amesharudi, tukaenda wote kiwanjani. Ngazi ilikuwa imesimama upande wa kulia. Mbao zilishaondolewa, zege limekauka, na ufa hauonekani kabisa.

"Nani kakwambia kulia?" baba alifoka.

Fundi alishangaa kweli. "Mzee, kule kushoto tulichimba tukakuta mwamba. Kuupasua kwa moto ni kazi ya wiki nzima. Nikamuuliza mama, ngazi tuiweke upande gani? Akasema kulia. Nikauliza tena. Akasema, kulia, fundi, ni kulia tu."

Mama alimtazama bila hasira. "Sikusikia umeuliza nini," alisema. "Nilikuwa nakwambia ninachosikia."

Fundi alivua kofia yake. Mimi nilitaka kucheka, nikajiziba mdomo. Baba akaokota nyundo kubwa ya kupasulia mawe. "Naivunja," alisema. "Leo hii."

"Ngoja kwanza upepo uje," mama akamwambia.

Alikaa chini, akalaza sikio kwenye zege la kipandio cha kwanza. Upepo ukaja kama kawaida yake, ukapeperusha mifuko mitupu ya saruji, ukatupita. Tulisikiliza sote, watu wazima na akili zao, baba bado kashika mpini. Hatukusikia kitu. Nikamwangalia mama usoni, nikaogopa kuliko siku ile ya sauti, maana alikuwa anatabasamu, na kiganja chake kilikuwa kinapigapiga lile zege taratibu, kama unavyompigapiga mtoto mgongoni.

"Weka nyundo chini," alimnong'oneza baba. "Amelala."

Baba aliilaza nyundo polepole isigonge jiwe. Halafu alipotaka kupanda kukagua kazi ya juu, aliinama kwanza akavua viatu.