Paka Weusi Wawili na Mmoja Mweupe

Mama mkwe wangu alianza kwa kuwachukia paka wangu, akanichukia mimi, kisha akamchukia mtoto wangu. Nayasema kwa mpangilio huo kwa sababu ndivyo yalivyotokea, na kwa sababu nimechoka kuulizwa na watu wa kanisani kwa nini nikitajiwa Bungoma nakunja uso.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia. Nilizaliwa Kachibora, kwa wazazi waliotoka Kenya ya kati wakaja kulima mahindi huku, na sasa naishi Kitale na mume wangu, ambaye kwao ni nje kidogo ya mji wa Bungoma. Mapenzi ya paka niliyarithi kwa baba. Mwenye stoo ya mahindi asipofuga paka anafuga panya, kwa hivyo nyumbani kwetu paka walikuwa wengi kuliko viti. Baba hakuwahi kumuuza hata mmoja. Alishikilia kwamba paka wa kununuliwa hakamati panya. Ukimtaka mtoto wa paka ulileta kuku, mkabadilishana, ukaenda zako bila kusema asante.

Nilichoongeza mimi ni daftari. Niliandika kila paka na wazazi wake, nikachora manyoya yake kwa penseli za rangi, na nikaanza kuamua nani azae na nani. Wenzangu shuleni walinicheka. Lakini baada ya miaka michache nilikuwa naweza kumtazama jike mwenye mimba na kusema atazaa rangi gani, na mara nyingi sikukosea. Nilijua kwamba rangi ya machungwa dume huipata kwa mama yake peke yake. Nilijua kwamba weusi wawili wanaweza kuzaa wa kijivu, ikiwa wote wawili wamekibeba kijivu bila kukionyesha. Mambo haya yalinifurahisha kwa sababu hayajali maneno ya watu.

Mama mkwe alipokuja Kitale mara ya kwanza baada ya harusi, alimwona paka wangu wa rangi tatu amelala juu ya ukuta. Alikuwa ameandamana na dada yake. Akamnyooshea kidole.

"Huyu mama yake alilala na madume matatu," akasema, kwa lafudhi ya kwao ambayo mara nyingi hugeuza l kuwa r. "Kira rangi na baba yake."

Ningecheka tu yaishe. Badala yake nilimsahihisha palepale, mbele ya dada yake, kwa sauti ile ile ninayotumia kwa kidato cha pili. Nilimwambia paka wa rangi tatu karibu wote ni majike, na kwamba baba mmoja anatosha kabisa. Dada yake akakohoa. Mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Mwalimu," akasema, "hata kwa mambo ya paka unanifundisha?"

Hilo nalikubali, nilimkosea. Lakini alichokuja kunifanyia baadaye hakilingani na kosa hilo hata kidogo.

Binti yangu alizaliwa Kitale, asubuhi, akilia kwa nguvu. Ngozi yake ilikuwa nyeupe, nywele zake za rangi ya majani makavu ya mahindi, na macho yake hayakupenda dirisha. Muuguzi aliniuliza taratibu kama nimewahi kusikia kuhusu ualbino. Nilimwambia nafundisha jambo hilo kila mwaka. Nilikuwa najua kila kitu kulihusu isipokuwa namna ya kulibeba mikononi.

Mama mkwe alifika hospitalini siku ya pili. Hakukaa. Aliinama akamwangalia mtoto, akaniangalia, akamwangalia tena mtoto.

"Huyu ni wa nani?"

Mume wangu alikuwa amesimama pale pale, ameshika chupa ya chai. Hakusema neno. Mimi, kwa uchovu na kwa kutaka amani, nikafanya kosa ambalo mtu wa kwetu tu ndiye angelifanya. Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Ndiyo heshima kubwa tuliyo nayo ya kumpa mama mkwe, na wengine huchinja mbuzi wakiipokea. Nikamwambia, "Mama, ni wewe. Nimempa jina lako."

Alirudi nyuma kama aliyemwagiwa maji moto. Kwao mtoto hupewa jina la aliyekufa. Bibi wa upande wa baba ndiye huleta jina hilo, na mtu akilitoa jina la aliye hai ni kama ameshaanza kumchimbia kaburi.

"Jina rangu usiguse," akasema. "Mimi bado sijakufa. Kwanza sisi hatuna watu kama hao. Uriza kwenu."

Akatoka. Nilimuuliza mume wangu kama alikuwa anaijua desturi hiyo ya kwao. Alikuwa anaijua. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema, akasema alifikiri nilikuwa nafahamu. Hadi leo nikikumbuka ile chupa ya chai mkononi mwake, namchukia kwa dakika nzima.

Basi mtoto akaitwa jina la mama yangu, na upande wa Bungoma ukakaa bila kuleta lolote. Asiyefahamu ataona ni jambo dogo. Kule kwao mtoto ambaye hajaletewa jina ni mgeni. Mgeni hapewi kipande cha ardhi, na akiugua hakuna anayekesha naye. Tena mwanamke aliyezaa haitwi kwa jina lake bali kwa la mtoto, mama fulani. Wake wa shemeji zangu wote waliitwa hivyo. Mimi, miaka mitatu, niliitwa mwalimu. "Mwalimu, sukari iko wapi." "Mwalimu, mtoto wako analia." Nilikuwa namsikia akiwaambia majirani kwamba siku hizi wasomi wanazaa wanavyotaka, na nilijua anamaanisha madume matatu.

Nilikuwa nimeshakata tamaa paka waliponipa jibu. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi wa Moi's Bridge alitaka watoto wa paka weusi tupu, ati panya hawawaoni. Nikachukua jike jeusi na dume jeusi, wote wa ukoo wa stoo ya baba, nikawafungia pamoja katika stoo yangu. Walizaliwa wanne. Watatu walikuwa weusi. Wa nne alikuwa mweupe kama maziwa.

Nilikaa juu ya gunia nikacheka, halafu nikalia, halafu nikakasirika. Nikampigia baba simu. Akasema mzungu aliyekuwa na shamba lile kabla yetu alikuwa na mke aliyefuga paka wa ajabu, macho ya buluu, nyuso nyeusi kama wamechungulia ndani ya sufuria. Walipoondoka paka wakaachiwa nyapara, wakaingiliana na wa stoo, na watu wakasahau. Baba mwenyewe hakuwahi kumwona hata mmoja. Aliambiwa tu.

Kumbe walikuwemo muda wote huo. Kizazi baada ya kizazi cha paka weusi na wa milia, wakipokezana kitu ambacho hakuna aliyekiona, mpaka siku wabebaji wawili walipokutana ndani ya stoo yangu. Sikutaka kuambiwa ni bahati. Niliwafungia tena wale wale wawili, nikatia kufuli, na uzao wa pili ukaleta mwingine mweupe. Hapo nikajua nitaenda Bungoma.

Nilichagua siku ya maombi ya kumkumbuka baba mkwe, kwa sababu nilijua watu watakuwepo. Sitajifanya nilikwenda kwa nia njema. Nilitaka kumwaibisha. Wanawake walikuwa wamekaa uani wanamenya ndizi na kukata vitunguu, na binti yangu alikuwa kivulini na kofia yake pana na mikono mirefu, anapanga maganda. Jirani mmoja akauliza ni mtoto wa nani yule. Mama mkwe akajibu bila kuinua kichwa.

"Mtoto wa mwalimu."

Nikaenda kwenye gari nikaleta katoni. Nikaifungua katikati ya maganda ya ndizi. Nilimtoa dume, nikamtoa jike, nikamtoa yule mdogo mweupe ambaye masikio na mkia vilikuwa vimeanza kuingia weusi.

"Mama, hawa wawili ni wazazi wake," nikasema. "Weusi tititi. Na huyu ni wao."

"Huyo jike alitoka nje."

"Alifungiwa. Ufunguo nilikuwa nao mimi."

"Dirisha?"

"Lina waya wa kuku."

Akamtazama yule mdogo. "Na anageuka. Ona masikio."

"Anageuka kwa sababu ya baridi ya Kitale. Paka wa aina hii hushika rangi mahali mwili unapopoa. Mtoto wangu hatageuka, na sitaki ageuke."

Visu vilikuwa vimesimama. Nikaendelea, na sauti yangu ilikuwa mbaya, naikumbuka. "Baba amebeba kipande kimoja, amekificha. Mama amebeba kimoja, amekificha. Mtoto akipata kimoja, anatoka mweusi kama wao. Akipata vyote viwili, ndiyo huyu. Kwa hivyo binti yangu, kipande kimoja ni changu. Sikatai. Kingine kimetoka kwa hii nyumba. Mimi sikukileta kwa mkoba."

Niliyangoja matusi. Nilikuwa nimejiandaa kuyajibu tangu Kitale. Mama mkwe alichukua kitunguu kingine, akakikata polepole mpaka kikaisha, akasema watu wapate chakula kwanza.

Baada ya chakula alinitumia mtu, ati niende jikoni. Nilimkuta peke yake, ameketi kwenye kigoda, moto umezimwa. Hakuniambia nikae.

"Hiyo ya pande mbiri," akasema. "Ni razima?"

"Ni lazima."

"Haiwezi kutoka kwa mama peke yake?"

"Haiwezi, mama."

"Kweri?"

"Kweli. Hata kwa paka haiwezi."

Alitazama majivu. "Basi mzee pia alikuwa amebeba," akasema. Kisha, kwa sauti ile ile ya kuulizia sukari: "Mimi nirizaa hivyo. Kabla ya bwanako. Msichana. Aliishi siku kumi na moja."

Akayachokora majivu kwa kijiti.

"Mama ya mzee alikuja akamwangalia. Akaniuriza, huyu ni wa nani. Akasema nimetoa uchafu kwetu nikareta kwake. Hakuna mtu alimretea jina. Alipopata homa, hakuna mtu alitaka kumbeba hospitari, na mimi nilikuwa bado siwezi kutembea."

"Na baba?"

"Mzee alinyamaza."

Najua mtu mwema angemshika mkono. Mimi hasira ndiyo ilinipanda mpaka nikaona giza. "Kwa hivyo ulijua," nikamwambia. "Ulijua vile inauma, neno kwa neno, ukachukua neno lile lile ukanipa mimi kitandani."

"Nirijua."

"Kwa nini?"

"Miaka yote nirifikiri ni mimi peke yangu. Kwamba uko ndani yangu, huo uchafu. Nikaona mtoto wako, nikasema sasa watu watajua umetoka kwangu. Harafu wewe unaniambia, mama, ni wewe." Akajifuta uso na kanga, kwa ukali, kama anayeifuta meza. "Ningesema nini?"

Nilikuwa nikiifikiria ile miaka mitatu, na yale mengi niliyomwombea usiku, mabaya yote. Sikujutia hata moja, na sikumsamehe. Nilisimama tu pale nikisikia sauti ya binti yangu huko nje akiwaita paka.

"Nirimpa jina," mama mkwe akasema. "Si kazi ya mama kureta jina. Rakini nirimpa, ndani ya moyo. Sijawahi kuritoa kwa mdomo." Aliinuka kwa kushika ukuta. "Ni jina ra mtu amekufa. Riko sawa."

Alinipita akatoka uani. Nilimfuata mpaka mlangoni. Wanawake walikuwa wanaosha vyombo, na mume wangu alikuwa ameketi na ndugu zake, ameshika kikombe. Mama mkwe alikwenda moja kwa moja kivulini, akachuchumaa mbele ya mtoto ambaye hakuwahi kumgusa, akamnyoosha kofia ili jua lisimfikie shingoni. Akalitaja lile jina. Alilitaja tena kwa sauti zaidi, wote wakasikia, na mume wangu akaweka kikombe chini. Binti yangu alimtazama, akageuka kuangalia nyuma kama kuna mwingine anayeitwa, kisha akamnyooshea yule paka mweupe amshike.

Jina hilo sitaliandika hapa. Limekaa ndani ya mtu mmoja muda mrefu kupita kiasi, na wenye haki ya kulitumia wanalijua.

Mama mkwe alimpokea paka, akamweka mapajani, akanitafuta kwa macho. Kisha akaniita mama wa mtoto huyo, kwa jina lile jipya, akaniambia nilete maji, mtoto ana kiu. Nilileta. Nilikuwa bado na hasira, na nusu ya kikombe nikaimwaga njiani.